Mzigo Umelala?

Wewe uliyekaa hapo, umewahi kusema "tayari" na jambo bado? Usinijibu mimi. Itikia hadithi.

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa njia, pakawa mteremko, pakawa na mtu anangojwa chini.

Hapo kale, si kale ya mababu, kale ya juzi yenye malori, palikuwa na mji wa baridi uitwao Ilembuka. Mji wa misitu. Nguzo za miti zilishushwa bondeni kwa mteremko mmoja, kona juu ya kona. Na madereva wa huko walikuwa na desturi. Dereva hapandi garini mpaka aupige mzigo kofi, kofi, kofi, kisha aulize: "Umelala?" Na aliyeufunga, yeye kwa kinywa chake, aitikie: "Umelala, nimeulaza mimi." Neno likitoka, gari linawashwa. Lisipotoka, haliwashwi.

Mnacheka? Nimeona mikataba yenye mihuri mitatu isiyofika nusu ya neno hilo.

Tena kuulaza mzigo si kamba tu. Ni kabari, vipande vya mbao ngumu vinavyopigiliwa kati ya nguzo na nguzo, zisisogee. Kamba huonekana. Kabari zimo ndani, anazijua aliyezipiga.

Basi palikuwa na dereva, Chaula, na mkewe Sigilinda. Kaka yake Sigilinda, Mligo, ndiye aliyefunga mizigo katika yadi ya tajiri Ngimbudzi. Shemeji anafunga, shemeji anaendesha. Nani angekuwa na wasiwasi?

Asubuhi moja mvua ilikuwa imekesha, kuni zote chapachapa. Lakini Mligo alikuwa na moto mzuri. Chaula akauota, akashukuru, akaenda kwenye mzigo. Kofi, kofi, kofi. Mligo akaitikia. Gari likashuka kona ya kwanza. Likashuka kona ya pili. Kona ya tatu nguzo zikachomoka, zikaja mbele, zikamkuta Chaula kwenye usukani.

Tajiri alikuja msibani na koti jeusi na huzuni ya kuazima. Akasema ajali haina kinga. Wenye kinga mikononi mwao huipenda sana methali hiyo. Akasema pia kwamba mfungaji si aliitikia, basi mzigo ulilala sawasawa, ila dereva naye alilala. Sigilinda alikuwa mkekani. Akasikia jina la mumewe likizikwa kabla ya mwenyewe. Chaula, ambaye hata kitandani alilalia sikio moja, lingine likisikiliza breki.

Na makaburini akaona jambo. Kila mtu alisema marehemu amelala, kama isemwavyo. Padri alisema. Majirani walisema. Mligo peke yake, kila akilifikia neno hilo, alikohoa.

Kikohozi cha ndugu hakiulizwi makaburini.

Siku zikaenda. Yadini lori jingine likapakiwa, Mligo akafunga. Akaja dereva wa kwanza, mfupi, mtu wa utani. Kofi, kofi, kofi, akauliza. Mligo akatikisa kichwa. Dereva akasema hata mjusi hutikisa kichwa, akaweka funguo chini. Akaja wa pili, mcha Mungu. Akauliza. Mligo akasema "Ee." Yule akajibu kwamba "ee" huitikiwa uji, akaondoka. Akaja wa tatu, bwana harusi wa juzijuzi. Mligo akamwambia twende tu. Yule akasema kama ni kwenda tu, anakwenda kwa mkewe.

Tajiri akawaita waoga, akawaita wavivu, akaapa kuleta madereva wa mbali. Wao wakakaa juu ya magogo, wakamwambia kwa upole kwamba Chaula hakulala. Siku ile aliyekesha ni mzigo. Na hawabebi kitu mpaka aliyeufunga aseme.

Ndipo Sigilinda akaingia, amevaa kaniki yake ya msiba. Akapanda lorini, akakaa kiti cha pembeni mwa dereva, akasema yeye anashuka na mzigo huo, maana ameufunga kaka yake, tumbo moja. Akamwomba bwana harusi ashike usukani. Tajiri akafurahi, akasema mwanamke amewashinda wanaume. Bwana harusi akashika usukani, lakini funguo hakuzitia.

Sigilinda akatoa mkono dirishani, akaunyoosha nyuma. Kofi, kofi, kofi.

"Kaka, umelala?"

Mligo akatazama kamba.

"Kaka, umelala?"

Mligo akatazama miguu yake.

"Kaka, nikae au nishuke?"

Hata tajiri alisahau methali zake. Mligo akakohoa, na safari hii kikohozi hakikumsaidia.

"Shuka, dada," akasema. "Huu sijauchunguza vizuri. Na ule wa shemeji haukulala. Kuni zilikuwa zimelowa, baridi ilikuwa kali. Kabari nilizichoma. Nikaitikia umelala, na kabari ziko motoni. Na yeye akauota moto ule, dada. Akaniambia ahsante."

Hadithi yangu imelala, nimeilaza mimi. Asiyeamini, aje aipige kofi.