Muhanga na Ukucha Ulioingia Nyamani

Paukwa!

Pakawa!

Aliyevaa viatu avivue, vidole vipate hewa, maana habari ya leo ni ya miguu.

Hapo zamani za kale, katika nyika ya udongo mwekundu, aliishi Muhanga. Kazi yake ilikuwa kuchimba. Alichimba akitafuta mchwa, alichimba akitafuta pa kulala. Fukufuku, fukufuku, udongo unaruka, na Muhanga haonekani tena. Mashimo aliyoyaacha walihamia wengine. Jirani yake, Bi Ngiri, alizaa watoto wanne ndani ya shimo moja kama hilo.

Mvua ikanyesha. Shimo la Bi Ngiri likabomoka. Watoto wakatoka matope matupu, lakini wazima. Tangu siku hiyo Fisi akawa hakauki pale. Asubuhi anapita, jioni anapita, anawaangalia watoto, anameza mate.

Bi Ngiri akamwendea Muhanga. "Jirani, naomba shimo."

"Kesho," akasema Muhanga.

Kesho yake kidole cha mguu wa mbele kikamuuma. Ukucha ulikuwa umeota pembeni, ukaingia nyamani. Muhanga hakumwambia mtu. Akatafuta jiwe, akasugua pembe za ukucha, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka zikaisha. Maumivu yakapoa. Siku mbili tu. Ukucha ukaota tena, na safari hii nyama ilikwisha kuufunika, basi ukazama zaidi. Kidole kikavimba, kikawa chekundu.

Bi Ngiri akaja. "Shimo langu?"

"Nina mafua," akasema Muhanga.

Akaja tena.

"Mafua bado."

Mara ya tatu Bi Ngiri hakuuliza. Aliketi. "Jirani, kama umenichoka niambie, nihame na wanangu. Sijawahi kuona mafua ya kumfanya mtu achechemee."

Muhanga akaona aibu. Akanyoosha mguu. Bi Ngiri akautazama, kisha akaenda kumwita Kima. Kima ana vidole vyembamba. Ndiye aliyekuwa akiwatoa wenzake miiba.

Kima akainama, akabonyeza kidogo.

"Kata," akasema Muhanga. "Kata wote, yaishe."

"Sikati," akajibu Kima. "Umeshaupunguza mno, ndiyo maana umeingia. Hapa sioni usaha. Tutautibu hapahapa nyumbani. Lakini usaha ukitoka, au wekundu ukianza kupanda mguuni, hapo mimi sina langu. Nitakupeleka kwa mganga siku hiyohiyo."

Wakaenda kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Chubwi, mguu ndani. Asubuhi chubwi, mchana chubwi, jioni chubwi. Ukucha ukalainika. Kima akaukausha mguu, akainua ukingo wa ukucha polepole, akachomeka kijipande cha sufi safi chini yake, ili uote juu ya nyama. Kila siku sufi mpya. Muhanga alikunja uso, lakini mguu hakuuvuta.

Siku hizo zote watoto wa Bi Ngiri walilala shimoni kwa Muhanga. Shimo lilikuwa jembamba, mama yao hakuenea. Alikaa mlangoni akimkodolea macho Fisi, mpaka macho yakamwiva kwa kukosa usingizi.

Siku ya kumi kidole kikanywea. Kima akaupunguza ukucha kwa jiwe kali, akaukata kwa mstari ulionyooka, pembe akaziacha. Muhanga akakanyaga. Akakanyaga tena kwa nguvu. Hauumi.

Fukufuku, fukufuku, fukufuku.

Fisi akasikia, akaja mbio. Alipofika watoto walikwisha kuingia katika shimo jipya. Mama yao akaingia kinyumenyume, kama ilivyo desturi ya ngiri, meno yake marefu yakabaki mlangoni yakitazama nje.

"Mnalala mapema leo," akasema Fisi.

"Tumekesha siku kumi," akajibu Bi Ngiri. "Sogea karibu, utuage."

Fisi akayatazama yale meno. Hakusogea. Akageuka, akaenda zake, na Bi Ngiri akafumba macho.

Basi ninyi mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo: kinachokuuma kiseme kingali kidogo, maana ukikificha utawatesa na wanaokutegemea. Na ukucha wa mguu ukate kwa mstari ulionyooka. Hadithi yangu imekomea hapo, mlangoni kwa Bi Ngiri. Tupite polepole, amelala.