Wimbo wa Jiwe

Paukwa!

Pakawa!

Wenye watoto wapakateni. Wenye kazi mkononi endeleeni nayo, mimi nataka masikio tu.

Hapo kale, kale ya bibi wa bibi zetu, palikuwa na kijiji mlimani. Na siku ninayoisimulia walikuwapo hawa. Alikuwapo Nakijwa, mjane, mwenye mimba ya miezi tisa. Alikuwapo Mbonea, mpiga baragumu, aliyewaita watu kwenye kazi za kijiji. Alikuwapo Kiondo, shemeji yake Nakijwa, na wanaume ishirini wa kubeba paa. Alikuwapo Naetwe na wanawake wa majembe. Alikuwapo Sekiete na wakanyaga udongo. Walikuwapo wakata nguzo. Na alikuwapo Bibi Namkunda, mzee kuliko wote, ambaye hakuna aliyemwita.

Na wingu nalo lilikuwapo.

Sababu ya kazi ni hii. Nyumba ya Nakijwa ilikuwa ukingoni mwa korongo, na ardhi pale ilikuwa inapasuka. Ufa ulianza mwembamba kama uzi. Ukawa kama kidole. Ukawa kama mguu. Watu wakasema, "Mvua ya kwanza tu, nyumba inakwenda na maji." Basi ilibidi ahamishwe, yeye na mtoto wake tumboni. Lakini nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha, na mpya hazioti mpaka mvua inyeshe. Wakaamua kulibeba paa lake lile lile, zima zima, walipeleke kwenye kiwanja kipya huko juu.

Na kijiji kile kilikuwa na mila yake. Paa likishainuliwa, halitui chini mpaka likalie nguzo. Likigusa ardhi, nyumba hiyo ina kilio.

Mbonea alikuwa mtu mwema. Aliona wingu, akataka kazi iishe haraka. Akawaza: kila kundi kazi yake ni ya asubuhi moja. Wakianza wote pamoja, watamaliza wote pamoja. Jua likachomoza, akapuliza. Puuu! Puuu!

"Wote anzeni!"

Wakaanza wote.

Loo! Hapa hata msimuliaji hupotea. Nifuateni polepole.

Sekiete na wenzake wakamwaga maji kiwanjani, wakakanyaga udongo wa kuta. Pwata, pwata, pwata. Wakamaliza. Naetwe akaja na majembe yake achimbe mashimo ya nguzo, akakuta kiwanja kizima ni tope. Akichimba, shimo linajaa. Akichimba, shimo linajaa. Wakata nguzo wakarudi kutoka msituni, wakazitupa nguzo njiani, puu, puu, wakakaa juu yake. Na mara, hilo paa linapanda mlima! Watu hawaonekani, inaonekana miguu tu, kama jongoo aliyevaa kofia.

"Tupisheni!" Kiondo akapiga kelele chini ya paa. "Tunatua wapi?"

Watu wakaliangalia tope.

"Jamani, tunatua wapi?"

"Ngoja kidogo, kaka," Naetwe akasema. "Mashimo bado."

"Bado? Tangu asubuhi mlikuwa mnafanya nini, mnasukana?"

"Muulize huyo Sekiete! Nimeomba kiwanja, kanipikia uji!"

"Mimi changu nimemaliza!" Sekiete akajibu, tope limemfika magotini. "Niliambiwa udongo. Udongo ule pale."

"Na sisi chetu tumemaliza!" wakasema wakata nguzo.

"Na sisi chetu tumemaliza!" likajibu paa.

Kila mtu amemaliza, na nyumba hakuna. Mmeona wapi jambo hilo?

Mbonea akazunguka huku na huku. Akawaambia wa nguzo wasogee, wakazisogeza nguzo zao kwenye tope. Akawaambia wa tope wasogee, wakasogea miguuni mwa wabeba paa. Akapuliza baragumu, watu wakauliza, "Maana yake nini?" Akapuliza tena. Hata yeye hakujua.

Nakijwa akasimama, mkono kiunoni. Akatazama chini, akaziona kuta zake zisizo na paa. Akatazama mbele, akaliona paa lake lisilo na kuta. Chozi likamdondoka.

"Litueni tu," akasema. "Mtaumia kwa ajili yangu. Litueni."

"Shemeji, nyamaza," Kiondo akasema. "Hapa hakitui kitu."

Lakini shingo zilikuwa zimeanza kutetemeka. Na bibi yangu alinisimulia jambo moja la katika fujo ile, akaniambia nisilisahau. Mpishi mmoja, jina lake limepotea, aliingia chini ya paa na kata ya uji. Akawanywesha wale wanaume mmoja mmoja, kwa sababu mikono yao ilikuwa juu. Na Kiondo, kwa mkono mmoja, aliivua ngata yake kichwani akamwekea mwenzake aliyekuwa na kidonda utosini.

Ndipo Bibi Namkunda akafika na fimbo yake. Ko, ko, ko. Akasimama mbele ya paa, akalitazama.

"Hili linakaa juu ya nini?"

"Juu ya nguzo, Bibi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Na kabla ya nguzo?"

"Mashimo."

Akarudi nyuma hatua nyingine, kinyumenyume, bila kugeuka. "Na kabla ya mashimo?"

Watu wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Huyu anakwenda jana." Wengine wakacheka kwa pua.

"Nauliza, na kabla ya mashimo?"

"Kiwanja kikavu," Naetwe akasema taratibu.

Bibi akarudi nyuma tena. Kisigino chake kikazama kwenye tope. Pwata. Akasimama.

"Basi tuanzie hapa."

Sekiete akainamisha kichwa. "Na udongo wangu, Bibi?"

"Udongo wako ni mzuri, mwanangu. Umewahi tu. Uzoeni muuweke pembeni, siku yake ni kesho. Naetwe, majembe yapo mangapi?"

"Manne."

"Shimo moja linachukua muda gani?"

"Si mwingi!" mmoja akajibu. "Kidogo tu!" akasema mwingine. "Inategemea!" akasema wa tatu.

"Mimi simjui Si-mwingi wala Inategemea," Bibi akasema. "Naetwe, ukichimba unaimba nini?"

"Ule wimbo wetu wa jembe."

"Shimo moja unauimba mara ngapi?"

Naetwe akafikiri. Akaimba kidogo kwa sauti ya chini, mkono ukichimba hewa. "Mara mbili, Bibi. Ya pili ikiisha, shimo limeisha."

"Mashimo manane, majembe manne. Hizo ni nyimbo nne. Kuzoa tope wimbo mmoja. Kusimika nguzo na kutua paa wimbo mmoja." Akainua vidole sita. "Na majembe yakiwa yanachimba, wa nguzo msikae. Chongeni panda za juu, paa lipate pa kukalia, na shimo likiwa tayari, nguzo iwe imesimama kando yake inangoja. Wa tope mkimaliza kuzoa, ingieni chini ya paa mwapokee hao. Nakijwa, mwanangu, umechunga mbuzi mlima huu tangu utoto. Wingu likiwa pale kwenye jabali, unaimba mara ngapi kabla hujalowa?"

Nakijwa akafuta macho. Akalitazama wingu vizuri. "Saba, Bibi."

"Saba kwa sita!" Mbonea akaruka. "Tuna wimbo mmoja wa kupumzika!"

"Huo si wa kupumzika. Huo ni wa jiwe."

"Jiwe gani, Bibi?"

"Silijui."

"Liko wapi?"

"Ningelijua lilipo, nisingeliwekea wimbo. Wewe shika baragumu lako. Wimbo ukiisha puliza, mara moja tu. Usipulize kwa lingine."

Watu hawakuelewa. Naona hata ninyi nyuso zenu hazijaelewa. Lakini wakafanya.

Wakaimba, tope likazolewa. Puuu! Mmoja.

Wakaimba, majembe yakachimba. Kwa! Kwa! Kwa! Puuu! Mbili. Sekiete akaingia chini ya paa, akampokea yule mwenye kidonda. Puuu! Tatu. Nguzo nne zikasimama. Puuu! Nne. Wingu likaacha jabali.

Wimbo wa tano, shimo la mwisho, jembe la Naetwe likalia: ngwa!

"Jiwe!"

Akalizunguka. Ngwa! Huku jiwe, huku jiwe. Puuu! Tano zimekwisha, na shimo bado.

"Tumekwisha!" watu wakalia. "Tua paa! Hapana, usitue! Kimbieni! Hapana, ngojeni!"

Bibi Namkunda hakuinuka pale alipokaa. "Huo ndio wimbo wake," akasema. "Uimbeni."

Wakamwangalia. Kisha wakaimba. Sekiete akatoka mbio chini ya paa, akaokota mti mrefu uliobaki kwenye nguzo, akauingiza ubavuni mwa jiwe.

"Bonyeza, mpika uji!" Naetwe akamwambia.

"Vuta wewe, mchimba maji!"

Wakabonyeza, wakavuta. Jiwe likatoka, kubwa kama mbuzi aliyelala. Puuu! Sita.

Wakaimba wa saba. Nguzo zikashindiliwa. Paa likasogea, miguu yake yote ikanyata. "Taratibu... taratibu..." Likakalia. Mikono ya Kiondo ikabaki juu, imesahau kushuka, mpaka Nakijwa akaishika akaishusha mwenyewe.

Baragumu likalia, na mvua ikaanza. Cha. Cha. Chachachacha!

Wakajibana wote chini ya paa lisilo na kuta, na Nakijwa katikati, kakalishwa juu ya kinu kilichofudikizwa. Kule chini wakasikia ukingo wa korongo ukimeguka. Gururuuu. Kuta za zamani zikaenda.

Baadaye Mbonea akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, na kama jiwe lisingekuwapo?"

"Tungepumzika."

Basi ndugu zangu, kumaliza changu si kumaliza kazi. Kabla hujasema "Anzeni", simama mwishoni, urudi nyuma hatua kwa hatua ukiuliza kabla yake nini, hata wakikucheka. Na ukishahesabu, liachie nafasi jiwe usilolijua.

Hadithi yangu naitua hapo, juu ya nguzo zake.

Mtoto wa Nakijwa alizaliwa siku ya tatu. Kuta mbili zilikuwa tayari.