Bi Nguchiro na Marundo Matatu ya Tufani

Zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kugombana nao, tufani iliipiga nchi yao. Vuuu! Vuuu! Siku mbili nzima. Iliponyamaza, mapaa ya nyumba yalikuwa juu ya miti, na miti ilikuwa juu ya nyumba.

Vijiji vilikuwa vitatu. Mlimani alitawala Tembo, Bondeni alitawala Kifaru, na Mtoni alitawala Kiboko. Kote kulijaa magogo, matawi na kuta zilizobomoka. Lakini balaa kubwa lilikuwa ndani ya mto wenyewe. Magogo yalirundikana yakauziba kabisa, na maji yakaanza kurudi nyuma kuelekea Bondeni, kwenye mashimo ya wanyama wadogo.

Huko ndiko alikoishi Bi Nguchiro na watoto wake wanne. Asubuhi moja kitindamimba alilia, "Mama! Maji yananilamba miguu!"

Bi Nguchiro akatoka nje mbio. Mbayuwayu alikuwa akipita juu. "Mvua inakuja!" alipiga kelele. "Wingu jeusi, kubwa! Siku tano tu!"

"Yallah!" akasema Bi Nguchiro. "Siku tano, na mto umeziba!"

Na wakubwa walikuwa wakifanya nini? Ngojeni niwaambie. Tembo alibeba gogo akalitupa chini, gudu-gudu-gudu, mpaka Bondeni. Kifaru akalikuta mlangoni pake, akalisukuma kwa pembe mpaka Mtoni. Kiboko akalirudisha Bondeni kwa hasira. Kutwa nzima gogo lilelile likawa linatembelea vijiji kama mgeni asiye na mwenyeji!

Bi Nguchiro akapanda Mlimani. "Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Sema upesi, nina kazi."

"Njoo utoe magogo mtoni, mzee wangu. Tutazama sote."

"Mto ni wa Kiboko. Atoe mwenyewe."

Akashuka kwa Kiboko. Kiboko akapiga mwayo mkubwa. "Magogo yameteremka kutoka kwa Tembo. Aje ayachukue."

Akaenda kwa Kifaru. "Nitasaidia," alisema Kifaru, "siku nitakayomwona mwenzangu akisaidia."

Bi Nguchiro akarudi ukingoni mwa mto, akakaa kitako. Alitamani kulia. Akachomeka kijiti majini, na muda si muda kijiti kikamezwa. Akajiambia, "Hawa mimi hawanisikii. Lakini wao kwa wao hawaishi kuchunguliana!"

Akainuka akicheka.

Alichana kanga yake kuukuu vipande vitatu. Akachomeka miti mitatu kwa mstari, pale penye kijiinuko kati ya mto na Bondeni, kila mti na kitambaa chake. Kisha yeye na wanawe wakaokota fito na matawi, wakaweka kirundo kidogo kwenye mti wa katikati tu.

Akarudi mbio Mlimani. "Mzee Tembo! Umesikia habari za Kifaru?"

"Amefanya nini?"

"Ana rundo lake pale ukingoni. Wanyama wadogo wanasema, mvua ikifika, mwenye rundo kubwa ndiye tutakayemwita Mwenye Nguvu. Mimi nimesema Mzee Tembo ana umri wake, tumwache apumzike."

"Nipumzike? Mimi?" Masikio ya Tembo yakapiga pwa! pwa! Akashuka kwenda kutazama. Alipokiona kile kirundo akacheka mpaka akakohoa. "Hiki? Hiki ni cha kuchokolea meno!" Akarudi Mlimani, akabeba shina la mvule lililoanguka barazani pake, akashuka nalo, akalitupa kwenye mti wa kwanza. Puuu!

Kabla vumbi halijatua, Bi Nguchiro alikuwa Bondeni. "Bwana Kifaru, ulisema utasaidia ukimwona mwenzako. Haya, njoo umwone Tembo. Na anakicheka kirundo chako."

"Kirundo changu kipi?"

"Cha katikati. Nilikuanzia mimi, nikijua hutakubali kushindwa."

Kifaru akakimbia kuangalia. Akaliona shina la mvule. "Thubutu!" akanguruma. Kufika jioni kila ukuta uliobomoka Bondeni ulikuwa umeletwa ukingoni.

Kiboko hakuhitaji hata kuambiwa. Alitoa kichwa majini, akaona marundo mawili na mti wa tatu mtupu. "Ebo! Na mimi je?"

"Tulidhani umechoka, bwana," akajibu Bi Nguchiro kwa upole.

"Nani amechoka? Sogea!"

Wee! Mngeyaona mambo hayo, wanangu! Siku tatu nchi ilitetemeka. Bi Nguchiro alikimbia huku na huko, juu, chini. "Mzee Tembo, pale nyuma ya kisima umesahau mwembe! Bwana Kifaru, mwenzako anakupita!" Akina nungunungu na panya wakafagia nyuma yao. Njia zikafunguka. Visima vikaonekana. Wazee wakatoka majumbani wakaketi juani.

Siku ya tano asubuhi, vijiji vitatu vilikuwa safi, na marundo matatu yalikuwa sawasawa. Radi ikalia ng'ambo. Maji yalikuwa yamefika kwenye magoti ya Bi Nguchiro.

"Sina tena cha kubeba!" akalalamika Tembo.

"Wala mimi," akasema Kifaru.

Bi Nguchiro akajikuna kidevu. "Basi mmelingana. Kwingine hakuna gogo hata moja. Labda yale ya mtoni, lakini mlisema hamyataki."

Wakatazamana mara moja tu. Kisha wote watatu, chubwi! chubwi! chubwi! wakajitupa mtoni.

"Hili langu!"

"Niachie! Nimelishika kwanza!"

"Mkonga wako huo utoe kwangu!"

Tembo akavuta. Kifaru akasukuma. Kiboko akainua kwa mgongo kutoka chini. Kacha! Kacha! Magogo yakang'oka mawili mawili, yakatupwa ukingoni bila kuangalia yanaangukia wapi. Mara kukasikika mlio mkubwa, brrruuum! na mto ukafunguka. Maji yaliyokuwa Bondeni yakageuka, yakakimbia kushuka kwenda baharini.

Na mvua ikashuka hapo hapo.

Watatu hao wakapanda ukingoni, wakihema, matope mpaka machoni. "Haya, Bi Nguchiro," akasema Tembo, "rundo la nani ni kubwa?"

Wakageuka kutazama. Lo! Hapakuwa na marundo matatu. Yalikuwa yameungana, yamekuwa ukuta mmoja mrefu kati ya mto na Bondeni. Mto uliojaa ukaupiga ukuta ule, ukashindwa, ukaendelea na safari yake.

Kifaru akakunja uso. "Ulitudanganya!"

"Niliwadanganya," akasema Bi Nguchiro, na hakurudi nyuma hata hatua moja. "Niliwaomba kwa heshima mkakataa. Wanangu walikuwa wanazama."

Mvua ikawapiga. Kule nyuma ya ukuta watoto wa nguchiro, wa panya na wa nungunungu walikuwa wakiruka-ruka juu ya ardhi iliyoachwa na maji, wakiimba, "Wenye Nguvu! Wenye Nguvu watatu!"

Tembo akaanza kutikisika tumbo. Kilikuwa kicheko. Kiboko akafuata, na Kifaru naye akashindwa kujizuia. Wakamwinua Bi Nguchiro, wakamweka juu kabisa ya ukuta, na Tembo akapiga mbiu kwa mkonga mpaka Mlimani wakasikia: "Huyu ndiye msimamizi wetu! Akituita kazini, tunakwenda!"

Basi shikeni hili, wanangu: mdogo mwenye akili huweza kuzifanya nguvu za wakubwa zimfae kila mtu.