Vyungu vya Minza

— Kuni zimeshika?
— Zimeshika!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo, tupe!

Hapo kale, ndege aliposema na mtu akajibiwa, palikuwa na mfinyanzi jina lake Minza, na mumewe Lushinge. Minza alifinyanga, Lushinge alikata kuni. Vyungu vyao ndivyo vilivyowapatia mtama wa kuvukia masika.

Kijiji chao kilikuwa na mwiko. Vyungu vikiwa motoni, mwanamume hasogei, wala mfinyanzi haitwi jina.

"Ukiniita, vyungu vitaitika kabla yangu," Minza alimwambia asubuhi hiyo. "Na chungu kikiitika motoni, hupasuka."

"Na njaa ikiniuma?"

"Tafuna kuni, mume wangu. Si umezikata nyingi?"

Akacheka, akawasha moto uwanjani, akampa mgongo. Lushinge akaketi mbali, barazani. Mbayuwayu, aliyejenga kiota chini ya paa lao, akaja mbio.

"Shemeji Lushinge! Wingu la radi liko nyuma ya kilima, nami moshi hauniachi nifike motoni. Mwite dada!"

"Vyungu vitapasuka." Akanyamaza.

Mbayuwayu akaruka, akarudi.

"Shemeji! Wingu liko juu ya kilima. Mwite dada!"

"Vyungu vitapasuka." Akanyamaza.

Mbayuwayu akaruka, akarudi, mabawa yamelowa.

"Shemeji! Wingu limeshuka kilima. Mwite!"

Lushinge akasimama. Akafungua kinywa. Akavitazama vile vyungu, kazi ya kiangazi kizima. Akafunga kinywa.

Radi ikapiga.

Kila kitu kikawa cheupe. Kisha hakusikia kitu. Kisha akasikia harufu ya udongo ulioungua. Minza alikuwa amelala kando ya moto, kijiti cha kuchochea kingali mkononi.

"Minza!" Kimya.

"Minza!" Kimya.

"Minza wangu!" Kimya.

Jivu lilipopoa, Lushinge akavigonga vyungu kwa kidole, kama mkewe alivyozoea kuvipima. Cha kwanza kikaitika: ngee! Cha pili: ngee! Cha tatu: ngee! Vyote vizima. Hata kimoja hakikuwa na ufa, na alimwita mara tatu moto ungali unawaka.

Tangu siku hiyo, kijijini humo, mfinyanzi akichoma vyungu huitwa jina. Huitwa hata bila sababu, naye hujibu, "Abee! Mnanichosha!"

Chungu hufinyangwa kingine. Mwite mtu wako angali wa kuitika.

Hadithi nimeiepua. Nawe unayesinzia hapo, kama bado ni ya moto, ipulize.