Dawa Inayopanda Kichwani

Hadithi ipo mlangoni.
— Ikaribie.
Imekuja peku.
— Iketi, itupe habari.
Ina uongo ndani yake.
— Tuchagulie ulio mtamu.

Basi tulieni.

Palikuwa na bonde, na katika bonde hilo palikuwa na Nyani dume. Kifua kama pipa, meno kama misumari ya mlango. Mwaka huo mvua iligoma. Wanyama wengine walikuwa wameweka akiba, kila mmoja kadiri ya mikono yake. Nyani hakuweka akiba. Yeye alipita.

Alipita kwa Nungunungu. "Una nini?"

"Nina viazi, Bwana Nyani."

"Nusu yako, nusu yangu."

Kesho yake akarudi. "Ile nusu yako ya jana, tugawane."

Akapita kwa Kanga. "Una nini?"

"Nina mtama, Bwana Nyani."

"Nusu yako, nusu yangu." Na kesho yake akarudi kwa ile nusu.

Akapita kwa Kobe. Kobe alikuwa ameficha kunde zake ndani ya gamba. Nyani akamwinua, akamtikisa, chaka chaka chaka, hadi punje ya mwisho ikadondoka. Hapo hata nusu haikutajwa.

Alikula mpaka akashiba, na kilichobaki alikificha. Hiki hapa, kile kule, kingine mahali ambapo hata jua halijui. Wenye mali wakabaki wanalamba mawe.

Sasa katika bonde hilo aliishi Kindi, mama wa watoto wachanga. Kindi alizika kokwa na njugu zake moja moja, kwenye vishimo vidogo vingi, kwa hiyo Nyani alipofika na kuuliza, "Una nini?" hakuona kitu cha kugawana. Aliona ardhi tu. Lakini hakuondoka. Aliketi chini, akajikuna kichwa, kwaru kwaru, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye msiba.

"Bi Kindi," akasema, "mimi nimepotewa na viazi."

"Viazi vya nani?"

"Vyangu. Nilivitoa kwa Nungunungu, nikavificha, na sasa sikumbuki wapi. Nimezunguka mpaka nyayo zinauma. Na nina vingine vingi. Nikianza kuvisahau hivyo navyo, nitakufa njaa huku nimeshiba mali. Wewe kichwa chako ni kama kokwa ya ubuyu. Nasikia unazika chakula chako moja moja; unakumbukaje vishimo vyote?"

Ukweli ni kwamba Kindi hakuvikumbuka vyote. Kindi yeyote husahau, ndiyo maana miti huota mahali ambapo hakuna aliyeipanda. Lakini alimtazama Nyani, akawatazama watoto wake waliokuwa wakichungulia kutoka tundu la mti na mbavu zao zikihesabika, akajibu polepole.

"Ni dawa, Bwana Nyani. Nakunywa dawa."

"Dawa gani?"

"Ya kumbukumbu. Ubani uliolala kwenye maji. Habasoda. Tangawizi. Majani ya mlonge. Na mwarobaini."

"Mwarobaini wa nini?"

"Wa uchungu. Dawa tamu haiheshimiwi na kichwa."

Nyani akaona hilo ni neno la mganga wa kweli. Akasogeza uso mpaka pumzi yake ikamgusa Kindi masharubu. "Nitengenezee. Lakini nisikilize. Ukinipa sumu, au ukinidanganya, wale watoto pale tunduni nitawala kama karanga."

Moyo wa Kindi ulipiga dududu, dududu. Alikuwa amekwisha kulisema neno, na neno likitoka haliitwi. "Njoo kesho jua likichomoza," akasema. "Pale kwenye kichuguu kirefu."

Nyani alipoondoka tu, Kindi alishuka, kiriri kiriri, akamtafuta Kanga, akamnong'oneza. Kanga akamwambia Nungunungu. Nungunungu akamwambia Kobe, na Kobe, kwa kuwa anajijua, akaanza safari papo hapo.

Asubuhi Nyani akakuta chungu kinafuka mvuke chini ya kichuguu. Akanusa, akakunja pua. "Anza wewe."

Kindi akanywa. Uchungu ulimtoa machozi, lakini akameza, kisha akapaza sauti: "Kokwa za ubuyu ziko wapi? Ziko chini ya mkwaju. Njugu ziko wapi? Ziko kando ya jiwe la chumvi." Navyo vilikuwa vishimo alivyokwisha kuvimaliza tangu zamani.

"Mbona unapiga kelele?" Nyani akauliza.

"Hapo ndipo wengi wanapokosea, Bwana Nyani, halafu wanailaumu dawa. Dawa hii hupanda kichwani kwa njia ya mdomo. Ukinywa ukanyamaza, inashuka tumboni, inakuwa choo. Ukinywa ukasema, inapanda. Ukisema kwa nguvu, inapanda kwa nguvu. Sema kila unachotaka kukikumbuka, usikie mlima ukikujibu. Mlima ukijibu, jua kichwa kimepokea."

Nyani akainua chungu. Gu, gu, gu, akanywa chote, maana mlafi hata uchungu hagawi. Akapanda juu ya kichuguu, akafumba macho.

"Mtama uko wapi? Uko pangoni, nyuma ya jiwe jeusi."

Mlima ukajibu: jeusi, eusi, eusi.

"Kunde ziko wapi? Ziko ndani ya gogo la mvule lililoanguka."

Anguka, nguka, nguka.

"Mahindi yako wapi? Yako ukingoni, chini ya mizizi ya mkuyu."

Kichakani Kanga alisikia mtama wake ukitajwa, na furaha ikamshinda. Akatoa "ke—" kabla Nungunungu hajamziba mdomo kwa mguu.

Nyani akafumbua jicho moja. "Nani huyo?"

Kindi hakugeuka. "Unasikia vitu?"

"Nimesikia ke."

"Basi imekaribia kufika. Inapita masikioni sasa. Wengine husikia ngoma."

Nyani akafumba jicho, akaendelea kwa nguvu zaidi. Alitaja viazi vitamu, akataja mihogo, akataja ufuta. Hata vile viazi vilivyopotea vilimjia ulimini katikati ya kelele, akavitaja navyo, palepale chini ya mkuyu penye mahindi, akacheka kwa furaha.

"Dawa kweli hii," akasema.

"Sasa lala," Kindi akasema. "Ilale na wewe. Usiamke mpaka jua likae utosini."

Nyani akalala palepale, krooo, krooo. Na bonde zima likaamka. Kanga kwenye pango, Nungunungu kwenye mkuyu, Kobe kwenye lile gogo la mvule, ambalo kwa bahati alikuwa amefika karibu nalo. Kila mmoja alichukua chake, na visivyo na mwenyewe aliyekumbukwa vikaenda kwa wenye watoto.

Jua lilipofika utosini Nyani aliamka, akaenda moja kwa moja pangoni. Patupu. Akaenda kwenye gogo. Tupu. Akaenda kwenye mkuyu. Shimo tu, linamtazama.

Alirudi kwa Kindi, akamkamata mkia, akamning'iniza juu ya tundu la watoto wake. "Sali sala yako ya mwisho."

Kindi alikuwa kichwa chini, miguu juu. Lakini akauliza, "Ulikumbuka njia?"

"Nilikumbuka."

"Ulipotea mahali?"

"Sikupotea."

"Basi dawa imefanya kazi yake. Dawa ni ya kukumbuka ulipoweka. Kula ulikula mwenyewe."

"Sikula."

"Bwana Nyani, unakumbuka kwamba hukula, au hukumbuki kwamba ulikula?"

Nyani akajikuna kichwa kwa mkono mwingine. Ule ulioshika mkia ukalegea kidogo.

"Shika tumbo lako," Kindi akasema, bado anabembea.

Nyani akalishika. Lilikuwa limejaa dawa, limekaza kama ngoma. Akaligonga, du, du. Akakaa chini taratibu, akamwachia Kindi bila kujua kama amemwachia.

"Vyote?" akauliza. "Nimekula vyote, na sikuhisi hata utamu?"

"Pole, Bwana Nyani."

Machozi yakamtoka. Kindi, nawaambia kweli, alimwonea huruma, lakini si huruma ya kupunguza dawa.

"Hali yako ni ya dozi kubwa," akamwambia. "Utakunywa kila asubuhi, juu ya kichuguu, kabla hujatoka. Na utasema siku hiyo unakwenda kwa nani na unakwenda kuchukua nini, usije ukasahau njiani."

Na ndivyo alivyofanya. Kila asubuhi bonde zima lilisikia: "Leo nakwenda kwa Nungunungu kuchukua viazi." Akifika, Nungunungu hayupo, viazi havipo. Akarudi akila majani na panzi kama nyani wengine wote. Mpaka mvua iliponyesha, watoto wa Kindi walikuwa wameota manyoya mazito mkiani, na Nyani alikuwa amekonda, mwepesi, anaruka vizuri kuliko wakati wa ujana wake. Kila aliyekutana naye alimsimulia.

"Tangu nianze dawa ile," alisema, "sijasahau kitu. Kabla yake nilikuwa nakula mali yangu yote bila kujua."

Ulimi wangu umefika ulipotumwa. Mwenye meno atafune, kibogoyo ameze.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba dawa ya kumbukumbu ni nzuri sana na inasaidia nyumba nzima, ili mradi anayeinywa awe jirani.