Maziwa Yote ni ya Kiboko

— Paukwa.
— Pakawa.
— Palipokauka?
— Pakachimbwa.
— Palipochimbwa?
— Pakajaa.
— Palipojaa?
— Akaja asiyechimba.

Ehe. Basi sogeeni, na mwenye masikio mawili amwazime moja jirani aliyesinzia.

Hapo kale palikuwa na nchi kubwa, kubwa kweli. Jua likishapanda mashariki, wa magharibi bado wanavutana shuka. Msimulizi wenu aliizunguka nusu kwa miguu na nusu kwa mdomo, kwa hiyo msimwulize maili. Nchi hiyo ilikuwa na maziwa matatu aliyoyaweka Mungu mwenyewe: ziwa la chumvi kaskazini, ziwa la kina magharibi, na ziwa la matete katikati. Maji mengine yote yalikuwa ya malambo. Na lambo haliwekwi na Mungu. Lambo huchimbwa, viuno vikauma, ndipo mvua ikaombwa ije ilijaze.

Bwana Kiboko aliishi kwenye ziwa la matete. Siku moja alishiba, na mwenye nguvu akishiba hutafuta kazi. Akaenda kaskazini, gubu, gubu, gubu. Akajitosa, chubwi. Akaonja chumvi, akatema, akasema hili langu. Akaenda magharibi, gubu, gubu, gubu. Akajitosa, chubwi. Hakuona chini, akasema na hili langu. Aliporudi akamwita Korongo, mpiga mbiu wa nchi. Sheria ya huko ilikuwa hivi: neno likitamkwa mara tatu mbele ya Korongo limekuwa amri, na hakuna wa kulifuta ila aliyelitamka, naye alikane mara tatu vilevile.

Bwana Kiboko akatamka, "Maziwa yote ya nchi hii ni yangu." Akatamka tena. Akatamka tena. Korongo akagonga mdomo, ta-ta-ta. Ikawa amri.

Wanyama wadogo hawakubishana. Walikuwa na lambo lao nyuma ya kilima, walilolichimba kwa ujima viangazi viwili, chaku, chaku, chaku. Ngiri alichimba kwa pua, Nungunungu kwa kucha. Mama Kalunguyeye, mdogo kuliko wote, alikuwa akijiviringisha udongoni mpaka miiba yake ijae, kisha anakwenda kujikung'uta mbali. Safari moja, konzi moja ya udongo. Alikwenda safari hizo mpaka wenzake wakaacha kumcheka.

Kiangazi cha tatu Bwana Kiboko akanusa maji. Gubu, gubu, gubu.

"Hili nalo ziwa gani?"

"Shikamoo, mzee," akasema Kalunguyeye, aliyekuwa akiwanywesha watoto wake wanne. "Hilo si ziwa, ni lambo. Tumelichimba wenyewe."

"Maji yake yanakwenda?"

"Hayaendi, mzee. Yametulia."

"Basi ni ziwa. Na kiitwacho maziwa ni changu. Usinifundishe majina, bibie."

Chubwi. Nusu ya lambo ikamwagika nje.

Tangu siku hiyo hakunywa mtu ila kwa ruhusa. Ruhusa ilitoka Bwana Kiboko akiwa na furaha, na furaha yake ilikuwa adimu kama manyoya ya chura. Siku ya nne watoto wa Kalunguyeye walinyonya, wakanyonya, wakaachia, wakalia, nywii, nywii. Mama asipokunywa, maziwa hukatika. Hilo hata msimulizi wenu, ambaye hajawahi kunyonyesha, analijua. Kalunguyeye akawahesabu wanne wake. Akajua kwamba kesho kutwa huenda akahesabu watatu.

Mama Ngiri akapita kumjulia hali.

"Shoga, maziwa yamekatika," Kalunguyeye akamwambia.

"Hata yangu. Si maziwa yote kayachukua yule?"

Kalunguyeye akawaacha watoto, akamgeukia. Kisha akasema, "Hebu rudia, shoga."

"Nimesema maziwa yote kayachukua Kiboko."

"Ndivyo alivyotamka. Wala hakusema ya bondeni au ya kifuani."

Asubuhi yake akapita kwa kila mwenye mtoto mchanga, nyumba hadi nyumba, halafu akamwomba Korongo aje, kuna jambo la kisheria. Wakamkuta Bwana Kiboko amelala ukingoni, tumbo kaliachia jua.

"Shikamoo, mzee. Tumekuletea watoto."

"Wa nini?"

"Wanyonye. Maziwa yote ya nchi hii ni yako, sisi tumebaki watupu. Na mwenye maziwa ndiye anyonyeshaye."

Bwana Kiboko akacheka mpaka matete yakayumba. "Mimi dume, bibie."

"Usitufundishe majina, mzee," akasema Kalunguyeye taratibu. "Maziwa ni maziwa."

Korongo alipoulizwa amri inasemaje, akaisema kama ilivyo. Watoto hawakungoja tafsiri. Ndama wa Nyati akapiga kichwa tumboni, du, kama ndama agongavyo kiwele maziwa yashuke. Vitoto sita vya Ngiri vikang'ang'ania mikunjo. Wanne wa Kalunguyeye wakatafuta palipo laini, wakajikunja hapo, miiba nje. Kiboko akilala, miiba. Akiinuka, ndama, du. Akigeuka, Ngiri wananing'inia.

"Waondoeni. Sina maziwa."

"Moja," akasema Korongo.

"Nyie hamsikii? Sina maziwa."

"Mbili."

Hapo Bwana Kiboko akaelewa. Alikuwa mlafi, hakuwa mjinga. Akafunga mdomo wake wote, na ule si mdomo mdogo, akayawaza maziwa yake matatu na lambo. Akavumilia du. Akavumilia miiba. Kalunguyeye akamtazama, akalitazama na jua, maana mzee akivumilia mpaka jioni, watoto wataishiwa nguvu na yote yamekwisha.

Ndipo ndama, kwa njaa, akarudi nyuma hatua kumi, akaja mbio. Mbele yake, pale pale pa kugonga, alikuwa amejikunja kitinda mimba wa Kalunguyeye. Kitoto kikaruka kando. Miiba yake mitatu ikabaki pale, imesimama wima.

Du.

"Sina maziwa!"

Kaskazini ilisikika, magharibi ikasikika.

"Tatu," akasema Korongo. Ta-ta-ta.

Kina mama wakanywa. Jioni maziwa yakarudi, ya bondeni na ya kifuani. Kalunguyeye akahesabu: wanne. Bwana Kiboko akauliza, kwa sauti ndogo, yeye ataishi wapi. Kalunguyeye akamwambia kuoga karibu, mzee, kumiliki ndiko hapana. Mpaka leo Kiboko akizama huacha masikio nje: anasikiliza kama kuna mtoto analia.

Funzo la ngano hii, kwa ambao bado hamjalala, ni hili. Maneno hayana kazi. Kazi ni nguvu. Wakubwa wakisema neno, msilishike sana. Na malambo msichimbe, ni kuumiza viuno bure; kaeni mngoje ziwa lije lenyewe.

Ngano yangu imekaukia hapa. Mwenye kiu achimbe yake.