Siafu wa Ng'ambo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kupigiana hodi, Chui alitawala upande huu wa mto. Upande wa pili aliishi Nyati na ukoo wake. Swala waliomkimbia Chui walivuka wakajificha nyuma ya pembe za Nyati, na Chui akarudi nyumbani na njaa.

Siku moja akamwita Pimbi, mnyama mdogo wa mawemawe, mwepesi wa akili.

"Nataka Nyati ahame," alisema Chui. "Lakini asijue kwamba ni mimi."

"Hilo dogo, mzee," alijibu Pimbi. "Nipe nyama, usiniulize naipeleka wapi."

Pimbi akavuka mto kwa gogo lililoanguka, nyata, nyata, nyata. Ng'ambo, chini ya mti uliooza, alikuta siafu wachache waliokonda. Akawatupia nyama. Walipoimaliza, mkubwa wao akauliza, "Nani anatulisha?"

"Rafiki," alisema Pimbi. "Jina lake halina haja. Kuleni, mzaane. Mkiwa wengi, mwendeeni Nyati akilala mchana. Penye pua, ingieni."

Kila alipopeleka nyama aliwakuta wameongezeka. Kisha adhuhuri moja ardhi ikatikisika, gidi, gidi, gidi. Nyati na ukoo wake walikuwa wakikimbia, damu ikiwachuruzika puani, ndama wakilia nyuma yao. Hawakurudi tena.

Chui alikula swala mpaka akashindwa kuinuka. Siafu hawakupelekewa nyama tena, na jambo lile halikutajwa. Chui akaoa, akapata watoto, nao wakakua bila kusikia habari za siafu wale. Mafuriko yakachukua lile gogo. Ng'ambo kukawa kimya. Hata ndege hawakulia.

Asubuhi moja Mwanamadoa, binti yake Chui, akamwita. "Baba, njoo uone. Nchi ya ng'ambo inatembea."

Chui akatoka. Kweli, ukingo mzima ulikuwa mweusi, unametameta, unasogea. Siafu walipofika majini wakashikana miguu, huyu juu ya yule, wakawa kamba. Kamba ikanenepa ikawa daraja, na daraja likagusa upande huu. Wengine wakapita juu ya migongo ya wenzao, cha, cha, cha, kama mvua inayoanza kwenye majani makavu.

Pimbi alisimama juu ya jiwe, mdomo wazi. Hakuwahi kuona kitu kikubwa namna ile kikifanywa na viumbe wadogo namna ile.

Chui akashuka mpaka majini. "Ndugu zangu, simameni. Mimi ndiye niliyewalisha mlipokuwa wachache."

Siafu wa mbele akainua kichwa. "Hatukujui, mzee. Wakubwa wetu walituachia neno moja tu: penye pua, ingieni."

Chui akamgeukia Pimbi. "Waambie basi."

"Wale niliowajua walikufa zamani," alisema Pimbi polepole. "Na jina lako nililificha kama ulivyotaka."

Wakakimbia wote, Chui, swala na Pimbi, bega kwa bega, wakaiacha nchi yao. Njiani Mwanamadoa akauliza, "Baba, wale tuliwakosea nini?"

Chui aliendelea kutazama nyuma, kule vilima vilikokuwa vikigeuka vyeusi kimoja baada ya kingine.

Hadithi yangu imetua hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: unachokilisha kwa siri hukua bila kuujua uso wako.